Kurasa Mbili

Duka la kuchapa lipo Mwenge, nyuma ya wachonga vinyago:
feni moja, kompyuta mbili, na mashine ya fotokopi
inayokohoa kama kuruta wa wiki ya kwanza.
Miadi ilikuwa saa mbili. Nilifika saa mbili kasorobo,
nikasimama mlangoni, mikono nyuma,
mpaka binti akacheka: "Baba, si ukae?"

Anaitwa Siwema. Kucha za bluu.
Jina langu aliliandika bila kuniuliza herufi:
Egno Kapinga.
Nikangoja.
Vidole vyake vimesimama, naye ananingoja mimi.
Meja, nikasema. Anza na Meja.
"Hiyo tutaiweka chini, baba.
Huku juu wanataka jina na namba ya simu."

Miaka ishirini na sita ikashuka hivyo, mstari mmoja,
kama bendera saa kumi na mbili jioni,
ila hapakuwa na tarumbeta,
wala gari lililosimama.

"Kazi ulizofanya?"
Nikamwambia juu ya daraja lililosombwa,
magari kumi na nane, watu mia mbili na arobaini,
unga wa siku nne, mvua ya siku kumi na moja,
na tulivyovuka bila kupoteza hata sufuria.
Alisikiliza. Akatafuna bigijii yake. Akachapa:
Usimamizi wa ugavi na usafirishaji.

Nikamwambia zamu ya usiku, unavyojifunza kutofautisha
kimya cha panya na kimya cha mtu.
Akachapa: Uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo.

Nikamwambia vijana thelathini waliogoma kula,
nami nikaketi nao chini, njaa kwa njaa, siku mbili,
hadi mmoja wao akaniletea sahani.
Hapo alifikiri kidogo.
Mawasiliano mazuri.

Siwema si mjinga. Ndiyo lugha ya uraiani,
na mimi ni kuruta wake.
Huku hawasemi "imepokelewa", wanasema "tutakupigia".
Huku saa nne ni saa tano na nusu
na hakuna anayezungushwa uwanja.
Juzi, Mikocheni, bosi mmoja, rika la mwanangu wa pili,
aliniuliza: "Mzee, unaweza kupokea maagizo?"
Nilitazama viatu vyangu.
Vilikuwa vinacheka kwa niaba yangu.

Na nyumbani Goba, mke wangu ameniomba kwa upole
niache kuhesabu vyombo kila asubuhi.
"Sufuria hazitoroki usiku, Egno."

"Sasa wadhamini. Watatu. Watu waliokuona kazini."
Wa kwanza kanali. Wa pili padre wa kikosi.
Wa tatu alinitoka mdomoni kabla sijamzuia:
Sajenti Chande Likulo.
"Namba yake?"

Ninayo. Miaka tisa naihamisha, simu hadi simu.
Ningeweza kuitaja gizani, nikiwa na homa.
Haipatikani, nikasema.

Siwema akaacha kutafuna.
Hakuuliza. Alirudi nyuma hatua moja ya kibodi,
akaacha pale mstari mtupu,
upana wa jina la mtu.
"Huu tutaujaza siku nyingine," akasema, "Meja."

Nakala tatu, elfu mbili na mia tano.
Bahasha mia tatu, ya kaki.
Kaki tena! Nilicheka peke yangu, yeye hakujua kwa nini,
maana zile nyingine nilizirudisha stoo,
nikatia sahihi: mashati manne, mkanda mmoja, hakuna deni.

Nje, bodaboda wakanizingira:
"Mzee, wapi? Mzee, wapi?"
Swali zuri.
Usaili ni saa nane mchana.
Sasa ni saa tatu na robo.
Kwa hesabu zangu, nimeshachelewa.